Ndege Nne kwa Mtu Mmoja

Saa mbili na nusu asubuhi mpangaji alikuwa ameshajaza safu tatu za jedwali na kunywa nusu kikombe cha chai. Kazi yake katika kituo cha kuongozea ndege ilikuwa kuamua kila meza ya rada ikaliwe na watu wangapi mwezi ujao. Zamani, watu walipokuwa wakisafiri, meza ya mashariki ilipitisha ndege arobaini kwa saa na ilikuwa na wawili: mmoja anazungumza na marubani, mwenzake anamwangalizia. Sasa watu walikuwa wamejifungia majumbani, na ndege zilikuwa nne. Kwa kanuni aliyoitunga mpangaji mwenyewe miaka sita iliyopita, ndege zilizojaza fomu ya safari zikiwa chini ya kumi anatosha mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa dada yake.

Shida ni kwamba safari zilizofutwa zilikuwa bado zinapita.

Zilianza wiki ya pili baada ya uwanja kunyamaza. Kila safari iliita kwa saa yake ya ratiba ya zamani. Rubani alisalimia, akaomba kushuka futi elfu nane, na nukta ikatokea kwenye rada kama nukta nyingine yoyote. Ikigusa uwanja tu, inatoweka, na wapakuaji mizigo wanarudisha mikokoteni yao kivulini. Fundi wa rada alikagua nyaya, akasema mtambo hauna neno, akaenda zake. Lakini kwa sauti huwezi kumjua aliyeruka na asiyeruka, na mwongoza ndege hafundishwi kumnyamazia rubani. Basi waliwajibu wote.

Dada alimkuta mpangaji mezani kwake. Macho ya dada yalikuwa mekundu.

“Umeniweka peke yangu?”

“Bado sijalipeleka jedwali, dada.”

“Mdogo wangu, jana mbili zilikaribiana. Mwenzangu ndiye aliyezishtukia. Moja ilikuwa na watu.”

“Ipi?”

“Ningejua, ningekuwa nakosa usingizi?”

Mpangaji alipanda kwa mkuu wa kituo, roho juu. Mkuu alikuwa akifuta miwani.

“Mkuu, meza ya mashariki bado ina ndege arobaini.”

“Najua. Nazisikia hadi humu. Yule rubani wa saa nne ana kikohozi kibaya, maskini. Lakini zimejaza fomu ya safari?”

“Hazijajaza.”

“Na nani alisema tuhesabu zenye fomu tu?”

“Mimi.”

“Sasa mbona unakuja kunitia presha mimi?”

Mpangaji angeweza kukataa kulitia saini jedwali. Tatizo, aliogopa. Kituo chenye ndege nne kinaweza pia kugundua kwamba hakihitaji mpangaji. Akatia saini, na aibu ikamkaa kifuani siku nzima.

Siku ya kwanza ya dada kuwa peke yake, mpangaji alishuka kusimama nyuma ya kiti chake. Hakuruhusiwa kugusa kitu wala kusema. Saa nne na dakika kumi, dada akiwa anamjibu rubani wa kikohozi, nukta mbili za upande wa kaskazini zilianza kufuatana, kwa kimo kimoja, zikikaribiana. Mpangaji alisubiri dada azione. Hakuziona. Jamani, akanyoosha kidole mpaka karibu kugusa kioo.

Dada aliiambia moja ikate kushoto. Marubani wote wawili walishukuru, kwa adabu ile ile. Nusu saa baadaye, kutoka kwenye mojawapo walishuka watu mia moja na kumi na wawili. Nyingine ilitoweka.

Jioni ripoti iliandikwa kama kawaida: ndege nne kwa saa, hakuna tukio. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akafurahi kweli kweli.

“Umeona? Anazimudu bila hata kuinuka kwenye kiti. Sasa muongezee na meza ya magharibi.”

Mpangaji akarudi kwenye jedwali. Ukutani ilipenya sauti ya dada, iliyoanza kukauka: “Nimekusikia, ndugu yangu, subiri kidogo.” Alikuwa akimwambia rubani ambaye hakuwa ameruka, au aliyeruka.

Akamfuta mtu wa magharibi, akaandika jina la dada yake. Herufi za kwanza zilipinda, kwa hiyo ilibidi aliandike mara mbili ili lisomeke.