Kwa Wahusika Tu

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa mtandao wa idara ya maji alikaa mezani kutengeneza anwani mpya. Wenzake walimwita Njiapanda kwa sababu barua pepe zote za idara zilipita kwake. Mkurugenzi alikuwa amechoka nazo. Kila barua ilikwenda kwa kila mtu, na kila mtu aliisukuma kwa mwenzake kwa maneno yale yale, "kwa hatua zako", mpaka ikamrudia aliyeiandika.

"Barua iende kwa wahusika tu," mkurugenzi alisema.

"Wahusika ni kina nani, mzee?"

"Wahusika ni wahusika, bwana. Usinichoshe."

Njiapanda akaandika anwani, akaiita "wahusika", akaacha orodha ya majina tupu, akaenda zake kunywa chai.

Saa tano mpima maji, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, alituma kwa anwani hiyo matokeo ya kisima kilicho nyuma ya kiwanda cha betri. Ilikuwa mara yake ya kumi na nne kuandika vile vile: maji yana madini ya risasi, ni sumu, kisima kifungwe. Wifi yake, mwenye mimba ya miezi saba, alichota hapo kila siku kwa kuwa hakuwa na pengine.

Barua ilifika. Pale idarani haikugusa dawati hata moja. Ilifika kwa watu mia sita na kumi na wawili wanaokunywa maji yale. Wenye simu waliipata kwenye simu. Mjane wa nyumba ya kona aliikuta imeandikwa kwa mvuke chini ya mfuniko wa sufuria, na kinyozi kwenye kioo chake. Asiyejua kusoma alisomewa na redio, polepole, ikimwita kwa jina la utotoni. Hakuna nakala iliyopotea, wala aliyepata mbili. Njiapanda alitazama hesabu kwenye skrini, akavua kofia. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanga njia za barua, na hajapata kuona kazi safi namna ile.

Saa nane watu walijaa ukumbini mwa idara na mifuniko yao. Wifi alimvuta mpima maji pembeni, akapandisha blauzi. Tumboni palikuwa na maandishi madogo, yamegeuka kama yanavyogeuka kwenye kioo, kwa sababu msomaji wake alikuwa upande wa pili.

"Yangu nimeipata kwenye simu, wifi," alisema. "Hii ni yake."

Mpima maji aliyafuata kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. Alipofika kwenye tarehe, mtoto akajigeuza na mstari mzima ukasogea. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alijiona mdogo mbele ya jambo lile, na kwa dakika nzima alifurahi kuwa mdogo.

Kufunga kisima kulihitaji saini moja, ya mkurugenzi, na mkurugenzi hakuwa amepata kitu. Njiapanda alimwingiza kwenye orodha kwa mkono, mara tatu. Mara tatu mtambo ukamtoa: "Huyu hahusiki."

"Mnaona?" mkurugenzi aliwaambia walipomfuata ofisini kwake, uso umemchangamka. "Hata mashine inajua. Sasa nisaini jambo lisilonihusu?"

Mpima maji akaleta maji ya sampuli kwenye glasi, akayaweka mbele yake.

"Karibu, mzee. Kunywa uhusike."

"Dada yangu, una vituko wewe!" Akacheka, akayamwaga kwenye chungu cha ua dirishani.

Kabla hajairudisha glasi mezani, jani kubwa kuliko yote lilikuwa limeshapokea nakala yake, kamili, na tarehe. Mkurugenzi akavaa miwani, akalisoma mpaka mwisho akitafuta jina lake. Halikuwepo. Akaagiza ua litolewe nje, likakae na wahusika wenzake.

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashukuru kwa adabu, akaaga. Ilikuwa inakaribia saa kumi, na kisimani foleni huwa ndefu jioni.