Visima vya Mzee Keekee

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Keekee alichimba visima, na kila kimoja alikiandika daftarini: kina chake, mwamba aliokutana nao, ladha ya maji. Alipostaafu, mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, na nyumba imekuwa kimya hata akikohoa anajishtua.

Mkwewe alipokuja kumjulia hali, alimwekea kwenye simu programu ya kupiga picha kurasa na kuziweka mtandaoni. "Baba, huwezi kujua nani anazihitaji," alisema, kisha akarudi kwake, mbali.

Mzee akawa anapandisha kurasa tano kila asubuhi. Miezi saba ikapita bila hata salamu.

Siku moja ukaingia simuni ujumbe wa sauti ya mwanamke. "Shikamoo, mzee. Mimi ni tabibu wa meno. Umeandika kwamba kisima namba sitini na mbili kilipita kwenye mwamba wa volkano. Watoto wa upande ule meno yao yana madoa ya kahawia, nami nashuku maji. Vipo vingine kama hicho?"

Vilikuwepo tisa. Kwa wiki tatu walitumiana sauti kutwa: mzee anasoma daftari, binti yule tabibu anataja watoto wenye madoa. Maji yakapelekwa kupimwa. Visima sita vilikutwa na madini yanayoharibu meno.

Mzee hakula siku hiyo. "Ni mikono yangu hii iliyowapa maji hayo," alimwambia binti.

"Uliwachimbia wakiwa na kiu, mzee. Na usingeandika, tungekuwa bado tunapapasa."

Visima vile vikaachwa kwa kufulia tu, bomba likaletwa. Kazi ikaisha, na sauti za binti zikaanza kuadimika, mwisho zikakatika.

Adhuhuri moja mzee alijikaza akapiga.

"Umepata kisima kingine?" binti aliuliza. Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

Mzee nusura adanganye. "Hapana, mwanangu. Nilitaka kukujulia hali tu."

"Nina mgonjwa kitini. Nitakupigia."

"Haya, mama. Kazi njema."

Binti alipiga kweli, siku ya nne. Wakaongea dakika sita, akamuuliza mzee hata habari za goti lake, alilowahi kumwambia kuwa linamsumbua. Binti alipokata, mzee aliendelea kuishika simu sikioni kwa kitambo, kisha akaenda kufunga dirisha, maana upepo ulikuwa unapeperusha pazia.