Bado Kidogo

"Bado kidogo," dobi alisema, mgongo wa kiganja chake ukiwa juu ya shuka. Alilipapasa taratibu, kama mtu anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto, kisha akaiacha pasi isimame mahali pake.

"Sikukuuliza habari za shuka," mkewe alijibu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba wa safari ameubana kati ya miguu. "Nimekuuliza habari za meli, Baba Povu."

"Na mimi nimekujibu yote mawili, Mama Povu."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Meli ingeng'oa nanga kesho yake alasiri, kutoka bandari iliyo mwendo wa saa sita kwa basi, na basi la mwisho la kuiwahi lilikuwa la saa nane mchana ule. Tiketi isipokatwa kufikia adhuhuri, isingekatwa tena.

Povu halikuwa jina la kwenye cheti. Binti yao wa pekee alilipata enzi alipokuwa akitambaa kati ya mabeseni na kuibuka na kofia ya sabuni kichwani. Sasa naye alikuwa dobi, ila chumba chake cha kazi kilikuwa ndani ya tumbo la meli ya watalii, na kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga nyumbani. Kumfuata bandarini kungekuwa kazi bure: siku abiria wanapobadilishana ndiyo siku mashuka ya meli nzima hufuliwa, na madobi hawainui hata kichwa. Mzazi aliyetaka kumwona mwanawe alipaswa kupanda kama abiria. Hapo Povu angepewa saa moja ya kukaa naye kila jioni, juma zima. Baada ya safari hii Povu angehamishiwa meli nyingine, upande wa pili wa dunia, kwa mkataba wa miaka minne.

"Ni safari hii au basi tena," aliwaandikia. "Kateni tiketi mapema."

Miezi sita nyuma, karani wa ofisi ya safari aliwaonyesha chumba cha watu wawili kilicholingana na akiba yao yote. Mama Povu alikwisha kufungua pochi. Dobi akauliza dirisha liko wapi. Halikuwepo.

"Nitamlazaje mke wangu kabatini?" alisema. Karani, kwa wema tu, akamwambia kwamba vyumba vinavyokosa watu hushuka bei siku za mwisho, pengine hata nusu. Maneno hayo yalimwingia dobi kuliko ambavyo yangemwingia mtu mwingine. Kwa miaka thelathini alikuwa amekula kwa kujua kungoja. Nguo mbichi mno hutoa mvuke wa bure. Iliyokauka mno huishikilia mikunjo yake kama mtu mwenye kinyongo. Kati ya hizo mbili ipo nukta moja, na mkono wake haukuwahi kuikosa. Akaamini kwamba bei nayo ni kitambaa.

Simu ilitetemeka kando ya pasi. Mama Povu alisimama kabla mumewe hajaishika.

"Shikamoo, mzee." Ilikuwa sauti ya karani. "Imeshuka robo. Vyumba vya dirisha vimebaki viwili. Nikukatie?"

"Marahaba, mwanangu. Robo tu?"

"Robo, mzee. Ila watu wanapiga simu tangu nifungue mlango."

"Robo inatosha!" Mama Povu alimshika kiwiko. "Tunaingia, na dirisha lako unalipata."

"Tunaingia mikono mitupu. Umfikie mtoto baada ya miaka mitatu huna hata jozi ya viatu?"

"Kwani ameomba viatu? Ametuomba sisi."

Dobi aliweka tena kiganja juu ya shuka, kana kwamba jibu lilikuwa limefumwa humo.

"Bado kidogo," aliiambia simu. "Ikifika nusu, nipigie."

Mama Povu alirudi kwenye benchi, akaufungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Duka zima likawa sauti ya zipu.

Saa nne ikapita. Dobi alipiga pasi mashati manne, akagundua kwamba moja alikuwa amelirudia mara mbili. Saa tano kinyozi wa mlango wa pili alichungulia, taulo begani.

"Mama Povu, bado uko nchi kavu?"

"Muulize nahodha."

"Fundi, angalia," kinyozi alicheka. "Hivyo vyumba vikizidi kushuka vitafika chini ya maji, mkalale na samaki!"

Siku nyingine dobi angemjibu kwa neno kali zaidi. Leo alifuta jasho tu, akaitazama saa.

Saa sita kasoro dakika kumi, simu iliita.

"Mzee, imefika nusu," karani alisema kwa haraka. Damu ilimpanda dobi usoni. Akamgeukia mkewe, kidole juu, kama mtu aliyeshinda ubishi wa miezi sita. "Lakini vya dirisha vimekwisha. Vya watu wawili vimekwisha vyote, kuna ukoo mzima umechukua vilivyobaki sasa hivi. Kipo cha mtu mmoja, cha ndani. Mzee? Unanisikia?"

Kidole kilibaki hewani, hakijui pa kwenda.

"Niandike jina la nani? Nina mtu mwingine anasubiri."

Mama Povu alikuwa amesikia. "Nenda wewe," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Wewe ndiye uliyemfundisha kazi."

"Wewe ndiye uliyefunga mkoba." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Andika jina la mama yake."

Alipoiweka chini, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye shuka. Lilikuwa kavu kama karatasi, mikunjo imekaza kutoka pindo hadi pindo. Akalikunja upesi, upande mbaya ndani, mkewe asilione.

Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati alilovaa.

"Unafanya nini? Wateja watakuona."

"Litie mkobani."

"Hili lenye jasho la tangu asubuhi? Nipe basi lile jeupe ulilojiandalia safari."

"Lile limekwisha kufuliwa."

Alilikunja mezani, kola ikitazama juu. Kila nguo iliyoingia dukani mle ilishonwa uzi mdogo ndani ya kola, kila mteja na rangi yake, zisichanganyike. Ndani ya kola hii mlikuwa na uzi mwekundu, umeshonwa upogoupogo. Povu alikuwa na umri wa miaka tisa alipoushona wa kwanza, akilalamika kwamba nguo za watu wote zina alama isipokuwa za baba yake. Tangu siku hiyo kila shati la dobi lilikuwa na wake.

"Usimpe mkononi," dobi alisema. "Chumbani utakuta mfuko wa nguo chafu. Litie humo usiku wa kwanza, liende chini pamoja na nguo za abiria wengine."

Mama Povu aliugusa ule uzi kwa ncha ya kidole. "Na akiniuliza ni la nani?"

"Hatakuuliza."

Zipu ikafungwa, taratibu safari hii.

Alimbebea mkoba hadi kituoni akiwa na fulana tu, akasimama mpaka basi lilipokata kona. Aliporudi, kinyozi alikuwa mlangoni akikung'uta taulo.

"Makubwa! Dobi mzima unatembea bila shati! Limekwenda wapi?"

"Limekwenda kufuliwa."

Kinyozi alikuwa na la kusema, mdomo ukiwa tayari wazi. Akamtazama usoni, akaufunga.

Ndani, dobi alilikunjua lile shuka mezani, akachovya vidole kwenye bakuli, akalinyunyizia maji upya. Hakuigusa pasi. Alisimama akiyatazama matone yakitanuka kwenye kitambaa, moja likilisogelea jingine, polepole, hadi yakakaribia kugusana.