Filamu Isiyo na Mayowe

Studioni walimwita Mayowe, na hakuona ubaya, maana ndiyo yaliyomlisha. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni, na katika filamu za kutisha hakuwa na mpinzani. Mwanamke akikimbizwa na mzuka, akizikwa akiwa hai, akigeuka na kumkuta mumewe hana uso, sauti iliyotoka ilikuwa yake. Angepiga ukelele hadi mishale ya mitambo ilale kwenye nyekundu, kisha avue vipokea sauti na kuuliza, "Chai yangu mmeitia sukari?"

"Wenzako wanakula kwa jasho, wewe kwa koromeo," fundi wa sauti alizoea kumtania kutoka upande wa pili wa kioo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo mwenyewe aliyaita vifaa vya kazi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa.

Mama yake Mayowe, mjane aliyeishi peke yake, hakukosa hata filamu moja. Alizitazama akicheka mpaka machozi. "Yule aliyeliwa na mamba alikuwa wewe? Nilikujua tu! Ndivyo ulivyolia ulipodungwa sindano una miaka sita."

Ilipokuja ile filamu, Mayowe alikabidhiwa karatasi zake akadhani zimepotea nyingine. Karibu kila mstari ulikuwa na neno moja: Sawa.

"Muuaji ni nani humu?" aliuliza.

"Hakuna," fundi alijibu.

"Jini?"

"Hamna."

"Sasa watu wataogopa nini?"

"Hawataogopa. Mimi nimeitazama mara mbili na sikuogopa. Ila jana nilirudi nyumbani nikashindwa kumwambia mke wangu anipitishie chumvi."

Ilikuwa ya mume na mke katika nyumba safi. Mume hapigi wala hapazi sauti. Mke akiweka kikombe mezani, mume anakisogeza kidogo. Mke akitaka kutoka, anamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba amechoka, apumzike. Mke anasema sawa. Akivaa nguo, anamwambia ile nyingine inampendeza zaidi. Sawa.

Mayowe aliisema ile Sawa mara ya kwanza, fundi akatikisa kichwa. Akaisema tena kwa huzuni. Fundi akasimamisha picha.

"Hiyo ni ya mtu mwenye hiari yake. Mtazame shingo." Kwenye skrini koo la yule mwanamke lilipanda na kushuka. "Anameza kwanza. Anachomeza ni lile alilotaka kusema. Akishalimeza ndiyo anasema."

Walifanya kazi siku mbili, na Mayowe akajifunza kumeza kwanza. Mwishoni mwa filamu mume anamwambia mkewe akae hapo mezani mpaka atakaporudi, kisha anatoka. Mke anakaa. Mwanga wa dirishani unatembea juu ya meza, unapanda ukutani, unafifia. Mume harudi. Halafu yule mwanamke anakiambia chumba kitupu, "Sawa," na filamu inaishia hapo. Mayowe aliisema mara moja tu. Akavua vipokea sauti, akatoka nje kusimama juani.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, alimpigia mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Ilikuwa miaka miwili na ushei tangu aolewe na mpima ardhi mmoja, mtu mpole, msafi, asiyefika ukweni mikono mitupu. "Hapigi, halewi, halali nje," mama alikuwa akihesabu kwa vidole kila alipomtaja.

"Jumamosi tunampeleka mama kupimwa macho," Mayowe alisema. "Utakuja?"

Kimya kidogo. Na ndani ya kile kimya Mayowe akalisikia koo.

"Nitashindwa, dada."

"Unaumwa?"

Kimya. Koo. "Nina kazi za nyumbani."

Alikuwa amekisikia kimya hicho mara nyingi, akakisingizia mtandao. Sasa alikata simu. Alirudi ndani na kumwekea fundi simu yake juu ya mitambo. "Humu mna ujumbe wa sauti wa mdogo wangu, tangu aolewe. Nifungulie kwenye spika zako."

Wa mwanzo ulikuwa wa dakika tano. Kitinda alisimulia mbuzi wa jirani aliyeingia sebuleni akala pazia, na alicheka hata hakumaliza kisa. Kadiri walivyosonga mbele, ujumbe ulifupika: dakika mbili, nusu dakika, sekunde kumi. Fundi akainama. Akapunguza hiki, akapandisha kile, akarudisha nyuma.

"Sikiliza nyuma yake," alisema.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini, kama ya mtu anayemsomea mtoto. *Mwambie hutaweza.* Kisha Kitinda, karibu na simu: "Sitaweza, dada." *Mwambie amsalimie mama.* "Nisalimie mama."

Fundi alizima spika taratibu. "Huyu analishwa maneno," alisema. "Kama sisi tu. Tofauti ni kwamba sisi saa kumi tunakwenda nyumbani."

Wiki iliyofuata mpima ardhi alisafiri kikazi siku nne, na Mayowe akaenda. Kitinda alichungulia dirishani kwanza, kisha akafungua. Alikuwa amekonda. Viatu mlangoni vilipangwa kwa mstari, na vikombe kabatini vilitazama upande mmoja, mikono yote kulia.

"Amekupiga?" Mayowe aliuliza kabla hajakaa.

"Hajawahi kunigusa kwa ubaya, dada."

"Anakutukana?"

"Hapana. Ananipenda. Ananielekeza tu." Alisema hivyo akiifuta meza isiyo na vumbi.

"Chukua nguo. Twende kwa mama siku mbili."

Koo la Kitinda likapanda na kushuka. "Sawa, dada."

Mayowe alilisikia neno hilo na kujua limetoka wapi. Alikuja kumwokoa mdogo wake, na yeye pia alikuwa amemwamrisha. Alijua hivyo, na bado akaubeba mfuko wake, wakaondoka.

Kwa mama yao Kitinda aliuliza akae wapi. Aliuliza kama anaweza kuoga. Siku ya pili mama alimwaga chai mapajani akaruka kama kinda, na Kitinda akacheka, kile kicheko cha mbuzi na pazia, kisha akaziba mdomo na kutazama mlangoni.

Siku ya tatu mumewe aliwasili. Aliamkia kwa heshima, akaweka mkate na sukari mezani, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, sikuja kugombana," alisema. "Nimerudi safari nimekuta nyumba tupu. Kama nimekosa niambiwe, nijirekebishe."

Mayowe akatoa simu na kuwawekea zile sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, uso ameukunja.

"Sasa hapo kosa liko wapi? Mume kumwelekeza mkewe?"

"Mama, sikiliza anavyomeza kabla ya kusema."

"Kumeza?" Mama alimtazama kwa masikitiko. "Mwanangu, kila mtu anameza. Hiyo kazi yako imekuharibu masikio."

Shemeji mtu hakufurahia ushindi. Alitabasamu kwa upole tu. "Shemeji, mimi sijamfunga kamba. Mke wangu yuko hapa. Aamue mwenyewe."

Wote wakamgeukia Kitinda. Alimtazama mumewe, akamtazama dada yake, macho yakaenda yakatua kwa mama.

"Usivunje nyumba yako kwa neno la mtu," mama alisema.

Kitinda akameza. "Sawa, mama." Akaenda kuchukua mfuko wake.

Baada ya hapo ujumbe wa sauti ulikoma. Ukaja wa maandishi. *Mpendwa dada, sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu.* Mayowe alijua nani kaandika. Mdogo wake hakuwahi kuweka koma hata kwenye mtihani. Alipiga simu, haikupokewa. Alikwenda mara mbili, akapokelewa na mume mlangoni, kwa adabu zote, akaambiwa Kitinda amelala.

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni Jumapili moja alasiri, na simu za kituo hazikupoa. Bwana mmoja alidai arudishiwe saa zake mbili, maana amekaa kitako na hakuna kilichotokea. Mwanamke mmoja alisema hakuogopa hata kidogo, ila tangu iishe amesimama jikoni na hajui alifuata nini. Mzee mmoja aliuliza jambo moja tu: yule mama, hatimaye aliinuka?

Mama yake Mayowe naye alipiga. Safari hii hakucheka.

"Ile sauti ilikuwa yako."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nakungoja ulie. Nikangoja, nikangoja. Nikasema sasa atalia, wapi." Akasikika akizima televisheni. "Mwanangu, mle ndani nimemsikia Kitinda."

Mayowe aliibana simu sikioni.

"Tumfuate," mama alisema.

"Kesho asubuhi nakuja kukuchukua."

"Kesho mumewe yuko kazini. Ataona tumemvizia. Hii ni ndoa ya watu. Twende Jumamosi, akiwepo, tumwombe kwa heshima."

Mayowe alitaka kubisha. Akameza mate, akakubali.

Yaliyotokea wiki ile waliyajua baadaye, mengine kwa jirani, mengine kwa muuguzi, na mengi kwa mume mwenyewe, ambaye hakuficha chochote. Maumivu yalianza Jumanne, tumboni, upande wa kulia. Mumewe alimpa maji ya moto na kumwambia alale, kesho itakuwa imepita. Hakuwa akidanganya; aliamini hivyo. Jumatano alimwambia vivyo hivyo. Alhamisi homa ilipanda, na jirani alipouliza dirishani, Kitinda alijibu kwamba yuko sawa. Ijumaa alfajiri mumewe alimkuta hajitambui. Akamvalisha gauni safi, akamchana nywele, akampeleka hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu juzi yake. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Daktari alikuwa kijana, na alionekana mwenye hasira asiyejua aielekeze wapi. "Angeletwa Jumanne, leo angekuwa anatembea," alimwambia Mayowe ukumbini. "Na hili ndilo silielewi. Maumivu haya huwaliza wanaume wazima. Mbona hakupiga kelele?"

Jumamosi, siku waliyoipanga, walikwenda kumzika.

Mume alilia machozi ya kweli. Alishika mkono wa kila aliyefika, akawaambia, "Hakulalamika hata mara moja. Alikuwa mvumilivu sana." Watu waliitikia kwa vichwa, wakamsifu marehemu kwa uvumilivu wake. Mayowe alisimama karibu na kaburi akasikia sifa zile zikipita mdomo kwa mdomo.

Jumatatu alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alimpa kiti, akafungua kitabu.

"Alimpiga?"

"Hapana."

"Alimfungia ndani? Alimzuia kwenda hospitali?"

"Alimwambia alale."

Askari alikuwa mtu mwema. Alikaa na kalamu mkononi akingoja aambiwe aandike nini, akangoja kwa moyo safi kabisa, na mwishowe Mayowe ndiye aliyeinuka na kumwomba radhi kwa kumpotezea muda.

Alirudi studioni baada ya mwezi. Fundi hakumwambia pole. Alishasema siku ya mazishi, na alijua neno hilo halikai mara mbili. Alimpa kazi za katuni, sungura na bata, na filamu za kutisha akampelekea binti mmoja mgeni aliyekuwa na pumzi ndefu. Ukelele wa yule binti ukivuja kupitia mlango, Mayowe alikwenda kukaa nje kwenye ngazi.

Alihamia kwa mama yake. Wakala pamoja, wakazungumza habari za macho, za maji, za bei ya mkaa. Jina la Kitinda halikutajwa. Televisheni ilifunikwa kitambaa.

Asubuhi moja mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mawe huku, mazima kule, na bila kuinua kichwa akasema, "Mimi ndiye niliyemrudisha."

Mayowe aliyajua maneno ya kumjibu. Alikuwa ameyasema katika filamu zisizohesabika, kwa sauti ya binti mwema, na kila mara mama wa kwenye skrini alifuta machozi akafarijika: usijilaumu, mama, hukujua. Yalimfika mpaka kwenye ulimi. Akayaacha.

"Ndiyo, mama," alisema. "Na mimi nilikubali Jumamosi."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili. Uso wake ulibaki vilevile, ila mikono ilisimama kidogo. Kisha akausukuma ungo ukakaa katikati yao, na Mayowe akavuta kigoda, akaanza kutoa mawe upande wake.