Mtoto wa Saba wa Akina Mannion

Tangu Februari Attracta hakuwa na utulivu. Alikuwa amestaafu kazi ya uuguzi wa meno pale Galway, Ireland, na nyumba yake iling'aa kupita kiasi, kwa kuwa kila alipokwama kwenye kompyuta aliinuka akashika ufagio. Kilichomkosesha raha ni mstari mmoja katika sensa ya 1911, kwenye ukurasa wa akina Mannion wa Connemara, ukoo wa upande wa mama yake.

Watoto sita walisomeka vizuri. Wa mwisho alikuwa Delia, msichana wa miaka sita, ambaye baadaye alikuja kuwa bibi yake Attracta, mzaa mama. Chini ya Delia palikuwa na mstari mweusi tii, wino mtupu. Lakini mahali mama wa nyumba ile alipoulizwa amezaa wangapi, na wangapi wako hai, jibu lilikuwa wazi: saba, na wote saba wako hai.

Akampigia simu kaka yake, Colman.

"Saba! Mama mtu kasema mwenyewe."

"Bibi alituambia walikuwa sita. Alikuwa akiwataja kwa majina. Au wewe unawajua ndugu zake kuliko yeye?"

"Basi huyu wa chini ni nani?"

"Ni wino, Attracta! Mtu kamwaga wino. Hebu nenda ufukweni ukapunge upepo, utapata wazimu humo ndani."

Akaenda. Hata hakumaliza barabara ya ufukweni. Aligeuza njiani akarudi mbio mbio, koti likiwa bado halijafungwa vifungo.

Kumbukumbu nyingine hazikumsaidia. Sensa ya kabla ilifanyika Delia mwenyewe hajazaliwa. Iliyofuata ilicheleweshwa na vita, na ilipofanyika watoto wale walikuwa wameshatawanyika, wengine Boston, wengine Glasgow. Kwenye daftari la vizazi hakumwona Mannion yeyote baada ya Delia. Hilo halikumshangaza, pande zile watu waliandikisha watoto walipokumbuka.

Alipokosa pa kushika, akaanza kusoma kurasa za kijiji kizima, nyumba hadi nyumba, bila kujua hasa anatafuta nini. Akasoma majina ya watu wasiomhusu, na hesabu ya mazizi yao na madirisha yao. Alipofika kwa akina Conneely aliona wino uleule mzito, ila hapa mkono ulikuwa mwepesi kidogo. Chini ya wino lilionekana jina la kijana wa kiume, na pembeni polisi aliyekusanya karatasi alikuwa ameandika: hakulala hapa.

Attracta aliruka juu, kiti kikaanguka nyuma yake.

Si kumwagika. Ni kukatwa! Sensa ile ilihesabu tu waliolala nyumbani usiku wa kuhesabiwa. Mzee Mannion alikuwa ameandika watoto wake wote, kama baba yeyote angefanya, na polisi akamfuta ambaye hakuwepo.

Sasa mtoto mdogo vile alilala wapi? Attracta alizunguka nyumba za shangazi na wajomba, hakumwona. Ikabaki hospitali ya wilaya, akaufungua ukurasa wake. Wagonjwa hawakuandikwa majina, herufi za mwanzo tu. Katikati ya wazee na vikohozi vyao: B. M., msichana, miaka mitatu.

Hakuwa amewahi kumtafuta miongoni mwa wafu, kwa kuwa mama wa mtoto mwenyewe alisema yu hai. Na siku ile alikuwa hai kweli. Kwenye daftari la vifo, Aprili 1911, juma moja baada ya sensa, alimkuta: Barbara Mannion, miaka mitatu, surua.

Simu ilipopokelewa hakusalimia.

"Anaitwa Barbara. Alikufa hospitali, kwa surua."

Upande wa Colman redio ilizimwa ghafla.

"Colman? Upo?"

"Surua, ulisema?"

"Ndiyo."

"Wewe uliugua surua. Hukumbuki, ulikuwa mdogo sana. Bibi alikataa katakata kuingia chumbani kwako. Alikaa nje ukutani, mvua inamnyeshea, kila nikipita ananiuliza kama unapumua. Mama alimwambia hana utu." Akakohoa. "Mama hakuwahi kumsamehe Bibi, unajua? Hadi Bibi anazikwa."

Attracta alikuwa amesimama dirishani, kisha mlangoni, kisha dirishani tena. Alimwaza Delia wa miaka sita, anayeambiwa mdogo wake amepelekwa hospitali, na baada ya hapo haambiwi kitu.

"Aliyeileta surua nyumbani labda ni Bibi mwenyewe," akasema.

"Labda. Au aliambiwa hivyo." Colman alivuta pumzi. "Wamemzika wapi?"

"Nyuma ya hospitali, nadhani. Uwanja upo, lakini hauna alama. Hatutajua ni wapi hasa. Tungeweza kwenda Jumamosi."

"Jumamosi ya nini? Nakupitia sasa hivi," alisema kaka yake, na Attracta akasikia funguo za gari zikilia mkononi mwake.