Somo la Kupima

Sifuri. Fundi aliitazama ile namba kwenye kioo cha kompyuta, akabofya, akasubiri, akaitazama tena. Sifuri ilikuwa pale pale, imetulia, na yeye hakuwahi kupatana na kitu chochote kilichotulia.

Mtaa mzima ulimwita Kasi. Kibao cha duka lake kilisema anatengeneza kompyuta na simu, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa moja: ukimletea kompyuta inayopakua filamu kwa siku mbili, anakurudishia ikiipakua kwa saa mbili. Alizijua kwa ndani zile programu ambazo watu hugawiana mafaili wenyewe kwa wenyewe, bila ghala la pamoja, kila mwenye kipande akimpa asiye nacho. Na kila alipomkabidhi mteja kompyuta yake alimpa wasia ule ule: chukua unachokitaka, ukishakipata funga, usiwaachie watu wakufyonzee mtandao. Wateja walimsikiliza vizuri sana. Hilo ndilo lililokuwa balaa lake leo, ingawa bado hakuwa ameliona.

Upande wa pili wa pazia cherehani ya mkewe ilikuwa ikinguruma. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na kitambaa cha buluu. Yeye na nyaya zake huku, mkewe na vitambaa vyake kule. Watu walimwita mkewe Mwalimu, kwa sababu ya masomo kumi na mawili ya ushonaji aliyojirekodi miaka miwili nyuma na kuyaachia mtandaoni bure, kwa kupitia programu za mumewe. Wanawake wengi wa mji ule walijifunza kushona kwa kumtazama yeye. Leo saa kumi alasiri mkuu wa chuo cha ushonaji angekuja kuyaona yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Akiridhika, Mwalimu angepewa darasa la kweli lenye ubao na wanafunzi, kitu alichokitamani tangu hawajaoana.

Na jana Kasi, katika kuiongezea mashine yake kasi, alifuta diski nzima. Alidhani masomo yako kwenye diski nyingine. Hayakuwako, na mkewe hakuwa ameambiwa.

Tangu asubuhi alikuwa amejaribu kila alichokijua ili ayapakue upya mtandaoni. Aliihamisha ruta dirishani, akaacha mawimbi akachomeka waya, akafunga kila programu iliyokula mtandao, akabadilisha mara tatu mlango ambao programu huingilia mtandaoni. Aliwafukuza wateja wawili kwa adabu na mmoja bila adabu. Aliinuka, akakaa, akanywa maji, akasahau kama amekunywa, akanywa tena. Mtandao ulikuwa mwepesi kuliko siku zote. Ila juu ya kioo, pale panapoandikwa ni watu wangapi duniani wanaoyagawa masomo hayo kwa sasa, paliandikwa hakuna.

"Mbona leo unatembea sana?" mkewe aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

Alimjibu kwamba anatafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Saa tano ndipo akili ilipomrudia. Tatizo halikuwa waya. Masomo yalikuwa yamelala ndani ya kompyuta za watu, nyumba hadi nyumba, na watu wote walikuwa wamefunga kama alivyowafundisha. Aliona aibu peke yake, mbele ya kioo, mpaka masikio yakamwaka. Kisha akatoka mbio akisema anafuata waya.

Alianzia kwa mama muuza vifungo, mjane aliyekuwa na duka kwenye kona. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Si wewe uliyenikataza?" alisema. "Ulisema nikiacha wazi nitafyonzwa mpaka nibaki mifupa."

"Nilikosea, mama."

"Sikukusikia."

"Nilikosea."

Akaivaa miwani yake na kuiwasha kompyuta, bila haraka yoyote, huku Kasi akihesabu vifungo vya kwenye kopo ili asimnyang'anye kipanya. Mama alikuwa na somo la tundu la kifungo, basi. Hakuwa na shida na mengine, kwa hiyo hakuyachukua.

Ikawa hivyo kila alikoingia. Mke wa kinyozi alikuwa na zipu. Mshona mapazia alikuwa na pindo na marinda. Muuguzi wa zahanati, ambaye hushonea watoto wake tu, alikuwa na mfuko na kola. Kila mmoja alichukua alichokihitaji akafunga, na kila mmoja alimkumbusha Kasi, mwingine akicheka na mwingine bila kucheka, ni nani aliyemwambia afunge. Aliomba radhi katika nyumba tisa. Hakuwahi kuomba radhi mara tisa katika maisha yake yote, sembuse siku moja.

Aliporudi, shati limemganda mgongoni, namba zilikuwa zikikimbia. Kola iliingia. Mkono wa gauni uliingia. Vipande vilikuja kutoka kwa kinyozi, kutoka zahanati, kutoka kwenye kona, vikajipanga vyenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu jana Kasi alivuta pumzi mpaka ndani. Saa nane na nusu masomo kumi na moja yalikuwa yametimia.

La kwanza lilikuwa sifuri.

Alijua mara moja kwa nini. Somo la kwanza lilikuwa la kupima mwili, na hakuna mtu anayepakua somo la kupima. Kila mtu anaamini kupima anajua.

Cherehani ilinyamaza. Pazia likavutwa, na mkewe akasimama pale na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni.

"Muuza vifungo amenipigia simu," alisema. "Anauliza kompyuta yake aiache wazi mpaka lini."

 Kasi akamweleza yote, diski na jana na nyumba tisa, maneno yakikanyagana.  Uso wa mkewe uligeuka mgumu.

"Lipi halipo?"

"La kupima."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha hasira. "Siku ile ya kurekodi nilikuomba usimame nikupime. Ulisema una dakika mbili. Ikabidi nimpime huyu." Alinyoosha kidole kwenye sanamu la mbao lililovaa gauni dirishani. "Nusu ya somo nilikuwa naomba msamaha kwa watazamaji, kwamba mbao haina kwapa."

Kasi alikumbuka. Siku ile alikuwa anakimbilia kuongeza kasi ya kompyuta ya mtu fulani. Mtu mwenyewe hamkumbuki tena.

Mkewe alikuwa tayari anaifunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Alilisogeza sanamu pembeni, akafungua dirisha ili mwanga uingie, na kumwelekeza mumewe katikati ya chumba. Ilikuwa saa tisa kasoro kumi.

"Mikono mbali na mwili. Tazama mbele."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Mwalimu aliwasalimu watu ambao bado hawakuwapo, kwa sauti yake ya kufundishia, tulivu, sauti ambayo Kasi alikuwa akiisikia kila siku kupitia kitambaa. Akaipitisha futi nyuma ya mgongo wa mumewe, akaileta mbele, akazikutanisha ncha zake kifuani. Hakusoma kipimo.

"Bado anahema," aliiambia kamera. "Tutamsubiri."

Mezani kompyuta ililia: mtu mahali fulani alikuwa ameanza kuchukua somo la kola kutoka kwake. Kidole cha Kasi kilicheza. Nje kwenye ngazi zilisikika hatua za viatu vizito, hatua za mtu aliyewahi kabla ya saa kumi. Mikono yake ilibaki pale pale, imenyooka, na chini ya vidole vya mkewe futi ilikuwa ikipanda na kushuka, kila mara kidogo zaidi.