Makofi Yaliyochorwa Jana

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, maana ukumbini tulikuwa watu thelathini na kila mmoja alikuwa na dalili zake. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nilikuwa nimetoka kunyoa.

Kazi yangu ni kuchora mikutano. Ukitaka kucheka cheka tu, mama mkwe wangu alicheka miaka miwili. Watu wanapozungumza, mimi nasimama mbele ya karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani, nasikiliza, na papo hapo nachora wanachosema: vichwa, mishale, vikaragosi, maneno machache makubwa. Mtu akisema kazi imemlemea, namtwika mzigo mgongoni. Mkutano ambao watu wangesinzia wanaamka, kwa sababu kila mmoja anataka kuona ametokaje. Zamani nilichora mabango ya maduka. Niliacha baada ya kuanguka kwenye ngazi mara mbili, na mwenye bucha mmoja kunifukuza akidai ng'ombe wangu ana sura ya mbuzi. Na kweli alikuwa nayo.

Basi hospitali moja ikaniita. Katibu wake, kijana nadhifu ambaye hata soksi zake zilionekana zimepigwa pasi, aliniambia kuna mkutano wa kusikiliza maoni ya watu wa dobi, wale wanaofua mashuka na nguo za wagonjwa. Alitaka uchangamke. Ukienda vizuri, nitachora mikutano yao yote ya mwaka. Kisha akanipa ratiba, na kipengele cha mwisho kilikuwa kimeshaandikwa hadi nukta: dobi inafungwa, nguo zitafuliwa na kampuni ya nje, wafanyakazi wanaunga mkono. Nikamuuliza, hao wafanyakazi je? "Watapangiwa," akasema. Neno hilo nililimeza bila kutafuna.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Katika kazi yetu inaruhusiwa kutangulia siku moja ukachora kichwa cha mkutano, mipaka, pengine jengo lenyewe. Mwisho hauchorwi, kwa sababu haujasemwa. Mimi mchana ule ukumbi ulikuwa mtupu, kalamu zilikuwa mpya, mkono ulikuwa mwepesi, nikachora na mwisho. Upande wa kulia, mita nzima kati ya mita nne za karatasi, nikaweka lori jeupe linaondoka na mashuka, na nyuma yake wanawake wa dobi wamejipanga mstari wanapiga makofi. Sura za wafuaji sikuzijua, isipokuwa moja. Basi yule wa mbele nikamfunga kitambaa kichwani, nikamvalisha miwani iliyoshikizwa kwa uzi mweusi, na meno yote nje kwa furaha.

Miwani hiyo ni ya mama mkwe wangu. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili katika dobi ile.

Mtaniuliza, hukujua? Nilijua. Ila mkono wa mchoraji ukishaipata sura unayoizoea hauombi ruhusa, na mimi nilidhani watatumwa wawakilishi wawili wenye midomo. Mama si mtu wa kujipeleka mbele.

Asubuhi yake mke wangu ananimiminia chai, akasema, "Mama hakulala. Leo ndiyo wanaambiwa kama wana kazi au hawana. Miaka mitatu tu imebaki astaafu, wakimtoa sasa anatoka mikono mitupu. Kaapa anakwenda mwenyewe, hatumi mtu."

Chai ikapita njia isiyo yake.

"Una nini wewe?"

"Ya moto."

"Hiyo imepoa tangu saa ngapi!"

Nilifika hospitalini saa nzima kabla ya watu, wembe mfukoni, nia yangu kuikata ile mita moja, niikunje, niile ikibidi. Nikamkuta katibu amesimama mbele ya karatasi anaipiga picha kwa simu.

"Hapo usiguse," aliniambia kabla sijaguna. "Hapo ndipo roho ya karatasi ilipo."

"Mkuu, nilikuwa nafikiria tupaache wazi, watu wakisema..."

"Watasema, mwache kila mtu aseme. Wewe pafunike. Mwishoni nitafunua mwenyewe, wakajione, wapige makofi."

Nikafunika kwa karatasi ya kaki, utepe wa gundi kila pembe. Vipande vinne. Nikarudi nyuma nikavitazama, nikaelewa kwamba ndoa yangu imeshikiliwa na utepe wa dukani.

Walipoanza kuingia, mama mkwe alikuwa wa tatu. Viatu vya mpira, sare ya bluu iliyopauka, miwani na uzi wake. Akakaa mstari wa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe mchoraji mwenyewe ndiye wewe? Haya, leo nitaona unachomlishia mwanangu." Akashusha sauti. "Chora vizuri, mwanangu. Nimeogopa hata uji haukupita."

Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Nikageukia ukuta nikaanza kuchagua kalamu.

Katibu alifungua kwa hotuba. Alisema zama zimebadilika, alisema ufanisi, alisema tusiogope mabadiliko, wafanyakazi watapangiwa. Nilichora saa yenye miguu inakimbia. Ukumbi ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Alipouliza nani ana maoni, watu walitazama viatu vyao. Ningekuwa mtu mwema ningesikitika. Mimi nilishukuru. Wakikaa kimya hivi hivi, nusu saa tu, tutafunga, nitabuni ugonjwa wa ghafla na kuondoka na karatasi yangu.

Ila kalamu ina laana yake. Nilikuwa nimemchora fundi wa mashine za dobi, mtu mnene wanayemwita Spana, ameegemea mlango. Akajiona.

"We mchoraji! Hilo tumbo ni langu au umechora tangi la maji?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Umempunguzia huyo, muongezee!" Kicheko kikawa kikubwa, na kicheko kikishafungua mlango maneno huingia nyuma yake. Spana mwenyewe akasema kama tumbo limo basi na mashine zake ziingie, tano, mbili zimekufa. Nikachora tano, mbili zimefumba macho. Muuguzi wa wodi ya wazazi akasimama akasema mwaka jana umeme ulipokatika siku tatu hawa akina mama walifua kwa mikono na hakuna mzazi aliyelala kwenye godoro tupu. Nikachora mikono, mingi, inatoka kwenye beseni. "Hiyo ya kushoto ni yangu," mwanamke mmoja akasema, "ona kidole kilivyopinda." Akainuka kuja kuonyesha. Wengine wakamfuata. Sasa walikuwa wamesimama mbele ya karatasi, wananyoosha vidole, wanasahihishana, wanapanda juu ya sauti za wenzao. Katibu alitabasamu huku akitazama saa. Alitaka mkutano uchangamke, ukamchangamkia.

Mama mkwe naye akapata ulimi.

"Andika, baba. Mashuka hayaji na uchafu tu. Nimekuta humo mikasi ya upasuaji. Nimekuta sindano. Nimekuta pete ya ndoa, nikaipeleka wodini kwa miguu yangu. Juzi nimekuta meno ya bandia ya mzee wa wodi namba nne, hajala siku mbili anaona aibu kusema. Hao wa nje watamrudishia mzee meno yake?"

"Watayavaa!" Spana akasema.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Nikachora meno yamekaa juu ya shuka kama mfalme. Nilikuwa nacheka nusu nusu, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona: karatasi ilikuwa inaisha. Nilikuwa nimeipimia mkutano wa watu wanaotazama viatu. Mita tatu zilikuwa zimejaa. Nikaanza kuandika kwa herufi ndogo, kisha ndogo zaidi, nikasokomeza mshale mmoja kati ya beseni na mguu wa Spana. Na feni ya darini, kila ikizunguka, inainua pembe ya chini ya kaki, inaiachia, inainua, inaiachia. Nikasogea nikaibana kwa bega, nikawa nachora nimekaa upande kama mtu mwenye jipu.

"Sasa nataka hili uliandike kubwa," mama mkwe akasema. Ukumbi ulitulia wenyewe. "Zile mashine mbili hazijafa. Zimekatika mikanda. Mkanda mmoja kila mashine, basi. Fundi ameomba tangu mwaka jana, barua tatu. Tunaambiwa dobi imeshindwa kazi. Hatukushindwa, tumenyimwa mikanda miwili. Tuleteeni, tupeni miezi mitatu, tukishindwa hapo tufukuzeni, mlango tutafunga wenyewe."

"Barua ninazo nakala," Spana akasema, safari hii bila mzaha.

Makofi yakalia. Ya kweli. Mimi sikusogea.

"Mbona huchori?" mama akauliza.

"Nafasi imeisha, mama."

"Imeisha vipi?" Akanyoosha kidole kwenye bega langu. "Na hapo ulipoegemea?"

"Hapo... hapo ni pa mwisho."

"Hapo ni pa maazimio," katibu akadakia haraka. "Tutapafikia, akina mama. Kila kitu kwa utaratibu."

"Maazimio si ndiyo haya anayosema?" Spana akasema. "Au mna mengine humo ndani?"

Nikamtazama katibu. Akanitikisia kichwa kidogo sana, kile cha hapana. Nikaiona mikutano ya mwaka mzima imepangwa foleni nyuma yake. Nikamtazama mama. Tangu nimuoe mwanawe, mama yule hajawahi kunikazia macho. Heshima ya ukwe, tunaongea tukitazama pembeni. Siku hiyo alinitazama usoni, na sikuona hasira. Alikuwa anaogopa, na aliyekuwa akimtegemea mle ndani ni mimi.

"Funua, baba," alisema taratibu.

Sikuwa shujaa, msinisingizie. Nilitoa bega tu. Feni ikafanya kazi yake, kaki ikajikunja kutoka chini, ikaning'inia kwa utepe mmoja, nikamalizia kuibandua.

Lori. Mashuka. Wanawake mstari mmoja wanapiga makofi. Mama mkwe alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akashika miwani yake kwa vidole viwili, akatazama miwani ya pale ukutani.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Nampigia nani makofi?"

Nimeulizwa maswali na wenye bucha, na mahakimu wa mtaa, na mke wangu. Kwa hilo nilianza kufunga vifuniko vya kalamu, kimoja kimoja.

"Ulichora lini?"

"Jana mchana."

"Kabla sijasema."

"Kabla hujasema, mama. Nisamehe."

"Wewe tutaonana nyumbani," alisema. Akanipa kisogo akamgeukia katibu. "Na wewe, baba, tuliitwa kusikilizwa au kupigwa picha?"

Hapo zogo likaanza. Yule wa kidole kilichopinda aliuliza hayo "watapangiwa" ni kupangiwa wapi, mochwari? Muuguzi akasema aibu, aibu kabisa. Spana alikuwa amekwisha kutoa barua zake mfukoni, zimekunjwa mara nane, anazipitisha mkono kwa mkono. Katibu aliinua viganja vyote viwili. Jasho lilikuwa limempata hatimaye, kola yake imelowa.

"Akina mama, akina mama. Tusikuze mambo. Wasanii ndivyo walivyo, wanatangulia tangulia. Mkurugenzi hajasaini chochote, naapa. Hakuna kilichoamuliwa. Mnagombana na ukuta bure, jamani. Huu ni mchoro tu!"

Sauti zikapungua. Nikaona baadhi yao wanataka kuamini, kama mtu anayetaka kuamini kwamba jino limeacha kuuma. Katibu naye aliona, akapata pumzi, akarudia kwa upole, huku akimtazama mama mkwe wangu kana kwamba anambembeleza mtoto: "Mchoro tu, mama."

Mama alifuta miwani kwa pindo la sare, akaivaa, akamkazia katibu macho.

"Kama ni mchoro tu, mwanangu, basi uchane."